Mruko Uliobaki

Mkonge uliolowekwa majini una harufu ambayo mtu hawezi kuisahau hata akitaka: harufu ya kitu kinachoozeshwa kwa makusudi. Majani hulazwa dimbwini hadi nyama yake ilainike na kuachana na nyuzi. Nyuzi hupigwa, husuguliwa, huanikwa juani, na mwishowe huwa nyeupe na safi kana kwamba hazijawahi kujua uvundo. Mwaka huu, nilipopanda mlima kwenda nyumbani Kilungu kumwona mama aliyepooza, harufu hiyo ilinipokea kabla ya mbwa. Shangazi Ndinda alikuwa ameketi uani akisokota kamba juu ya paja la kulia, mguu wake wa kushoto umenyooshwa mbele kama kitu alichowekewa na mtu mwingine akilinde. Hakuinuka kunilaki. Kuinuka kwake huchukua muda, na alijua kwamba ninajua.

Ndinda alikuwa kitinda mimba wa Susu, nyanya yangu mzaa baba, naye alilelewa katika boma letu kama dada yetu mkubwa. Mimi na kaka yangu Kioko tulipokuwa madarasa ya chini ya shule ya msingi, yeye tayari alikuwa msichana wa sekondari, mrefu hivi kwamba wageni walimkabidhi mizigo ya kuweka juu ya kabati kabla ya kumjulia hali. Susu alimsokotea kamba ya mkonge, nayo ikafungwa kati ya mti wa mukau na nguzo ya zizi la mbuzi. Upande wa pili wa kamba tulirundika mabua ya mahindi na magunia. Mwanzoni aliruka kwa mtindo wa shule za kwetu, mguu ukifuata mguu kama makasi, akitua kwa nyayo. Mwalimu Musyoka, aliyefundisha hesabu na michezo, ndiye aliyemzoeza kuikimbilia kamba kwa mkunjo, kama mtu anayezunguka pembe ya nyumba kwa haraka, kisha kuipa mgongo na kuipita chali.

Alikuwa na kasoro moja: aliruka mbele zaidi ya kuruka juu. Ili kujiponya, alitulaza sisi watoto chini ya kamba, mmoja mmoja, mikono kifuani. Alisema kamba haimtishi, ila mbavu zetu zinamtisha. Tuligombania nafasi hiyo kama watoto wengine wanavyogombania bembea. Bado naikumbuka anga ilivyojaa ghafla, kivuli chake kikipita usoni kwa ubaridi mfupi, na mchanga kutoka nyayoni mwake ukituangukia mdomoni. Siku alipoipandisha kamba hadi usawa wa mti wa juu wa mlango wa jiko la Susu, mlango ambao baba aliuingia kwa kuinama, na akaipita bila kuigusa, Susu alitoka na mwiko mkononi, akautazama mlango, akamtazama binti yake, akasema kwamba sasa huyu ajengewe jiko la kuingilia paani.

Susu aliuruhusu mchezo ule kwa sharti moja. Kwetu, mtu akimruka mtoto aliyelala, mtoto huyo hakui tena mpaka aliyemruka amrudie, yaani ampitie juu mara ya pili kutoka upande alikoangukia. Susu mwenyewe alifanya hivyo kila siku bila sherehe: akimvuka mjukuu mkekani akiwa na sufuria mkononi, alikumbuka, akageuka, akarudisha hatua, akaendelea na mazungumzo yake. Kwa hiyo Ndinda naye kila alipoturuka alizunguka, akaturudia, na sisi hatukuruhusiwa kuinuka kabla ya hapo. Nilidhani urefu ni kama mbaazi ghalani: hauongezeki duniani, huhamishwa tu. Anayeruka huchukua kiasi kutoka kwa aliyelala, na akirudi hukirudisha. Sijui kama kuna mtu aliyenifundisha hivyo. Nadhani niliitunga nadharia hiyo mwenyewe, na kwa miaka mingi sikuona lolote la kuikanusha.

Alasiri moja alikuwa amekwisha kuniruka na kunirudia, na sasa ilikuwa zamu ya Kioko. Alimruka vizuri kuliko siku zote. Kabla hajatoka katika mabua, honi ya pikipiki ya Mwalimu Musyoka ilisikika ikipanda mlima. Msichana mmoja wa timu ya kaunti alikuwa ameugua, basi lilikuwa njia panda ya barabara ya Mombasa, na dereva alikuwa amekubali kungoja kwa manung'uniko. Ndinda aliingia ndani, akatoka na mfuko, akapanda nyuma ya mwalimu viatu vikiwa mkononi. Aligeuka mara moja kutupungia. Nami nilimpungia, kwa maana nilikuwa nimesimama. Kioko hakumpungia, kwa sababu alikuwa bado amelala chini ya kamba, akitii.

Aliendelea kulala pale hadi kuku walipoanza kuingia ndani. Susu alimkuta siafu wakimpanda shingoni.

"Umerudiwa?" akamuuliza.

"Bado, Susu."

Susu aliifungua kamba, akaikunja juu ya kiwiko chake taratibu, akasema tu kwamba Ndinda atakuja.

Hakuja. Katika mashindano yale aliwashinda wasichana ambao walikuwa na godoro la kutulia tangu utotoni, akapelekwa moja kwa moja katika kambi ya mazoezi huko Bonde la Ufa, kisha Nairobi, kisha nchi jirani, kisha nchi ambazo mwalimu wetu aliweza kuzionyesha ramanini kwa ncha ya fimbo tu. Alikuja nyumbani Krismasi moja, kwa siku chache, lakini mimi na Kioko tulikuwa tumepelekwa Kwa Vonza kwa wazazi wa mama. Wala hakuna aliyelifikiria jambo lile, kwa sababu wakati huo Kioko alikuwa bado mrefu kunishinda. Redio ya Kikamba ilimtaja. Mchungaji alimtaja. Baba, aliyekuwa akinunua mbuzi Tseikuru na kuwauza kusini, na kwa hiyo alikuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, alipiga simu kusema kwamba watu asiowajua wamemnunulia chai kwa sababu ya dada yake.

Kisha Kioko akasimama. Nasema akasimama kama saa inavyosimama. Nilimfikia, nikawa sawa naye, nikampita, ingawa alikuwa amenitangulia duniani. Sweta za shule, ambazo katika kila nyumba hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, kwetu zilianza kupanda: yangu ikinibana, alivaa yeye, na vifungo vyake vilikuwa upande wa wasichana. Uso wake ulivimba kidogo, ngozi ikawa kavu, na hata jua la mchana lilipochoma alikaa karibu na moto. Akiulizwa jambo, jibu lilikuja baada ya kituo kirefu, nayo shuleni hukumu ya kituo kirefu ilikuwa fimbo. Watoto walikuwa na wimbo wao: Kioko salio limeisha, anangoja shangazi amtumie. Mimi niliuona ukweli mtupu katika wimbo ule. Kila redio ilipotangaza kwamba Ndinda ameruka juu zaidi, nilienda kumtazama Kioko nione kama amepungua.

Mama alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Hakuwa mjinga, na sipendi mtu amsome hivyo. Alikuwa mwanamke mwenye bidii, aliyechimba matuta ya shamba letu kwa mikono yake na kuyatupia udongo juu, kama kazi ile inavyotaka, hadi mlima mzima ukawa ngazi. Lakini alikuwa na hesabu moja mbele yake, nayo hesabu hiyo ilimtosha: wawili walilala, mmoja akarudiwa, mmoja hakurudiwa, aliyerudiwa anakua. Ushahidi wa kuithibitisha nilikuwa mimi, na kila nilipoinuka mezani nilimwona akinipima kwa jicho lisilokuwa na upendo.

Ndinda aliposimuliwa hali ya mtoto kwa simu, alimweleza daktari wa timu, kisha akapiga tena kusihi Kioko apelekwe hospitali ya Wote akatazamwe tezi ya shingo. Mama alisikiliza hadi mwisho. Baadaye aliwaambia majirani kwamba wifi yake amechukua kitu cha mtoto na sasa anamwelekeza kwingine akakitafute. Susu angeweza kulimaliza neno hilo kwa neno moja, lakini Susu alifariki mwaka huo, kipindi cha kiangazi, na Ndinda alikuwa ng'ambo. Aliyeijua desturi kwa upole wake akaingia kaburini. Waliobaki walikuwa wanaujua ukali wake tu.

Ndinda alirudi na nishani ya bara zima. Ilibaki miezi miwili kabla ya mashindano ya dunia, na alikuwa amechaguliwa. Ibada ya shukrani ikafanywa uani kwetu. Mahema yakakodiwa, diwani akaja na vipaza sauti, baba akachinja mbuzi. Ndinda alikuwa amevaa suti ya michezo ya taifa, na chini ya soksi ya kushoto kisigino chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Nililiona hilo kwa sababu nilikuwa nimeketi mkekani, miguuni pake. Alipomkumbatia Kioko alimshika muda mrefu, akampapasa shingo kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoshonewa ndani ya nguo.

Baada ya sala na hotuba, mama aliinuka. Alimshika Kioko mkono, akampeleka penye mti wa mukau, akamlaza chini mbele ya waalikwa wote. Alikuwa mvulana anayekaribia kubalehe, naye alilala pale kama mtoto wa chekechea, mikono kifuani, bila kuambiwa.

"Ndinda," mama alisema, "mrudie mwanangu."

Mchungaji alichukua kipaza sauti na kusema kwamba hayo ni mambo ya giza, na kwamba sisi tumeokoka. Ndinda alitabasamu, akamwendea Kioko, akainua mguu, akampita kwa hatua moja ya kawaida, vile vile Susu alivyokuwa akifanya na sufuria mkononi. Nilishusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

"Hivyo ndivyo watu wanavyovuka mtaro," mama akasema. "Siku ile hukumvuka. Ulimruka. Mrudie kama ulivyomchukua."

"Mama Kioko, mguu huu umekatazwa. Daktari amesema nisiruke mpaka nisafiri."

"Mguu uliomruka mwanangu haukuuliza daktari."

Hapo ndipo umati ulipoingia, na mimi huwalaumu wao zaidi ya mama, kwa maana mama alitaka mtoto akue, ilhali wao walitaka kutazama. Karibu wote hawakuwa wamewahi kumwona Ndinda akiruka isipokuwa katika simu. Kijana mmoja alisema atuonyeshe ile ya televisheni. Mwingine alisema au pengine nishani ilinunuliwa. Kicheko kikapita. Wanaume wakaileta kamba ya Susu kutoka ghalani, wakaifunga mahali pake pa zamani, na sauti zikaanza: juu, juu zaidi, mpaka ikafika usawa wa mlango wa jiko. Mabua yalikuwa yamekwisha kuliwa na ng'ombe, kwa hiyo walitandika mablanketi. Mchungaji, aliyetuambia ni giza, sasa alisema kwamba hata hivyo si vibaya dada kuonyesha karama aliyopewa na Mungu. Ndinda alimtazama baba yangu, kaka yake. Baba alikuwa akipangusa kisu cha kuchinjia, akaendelea kukipangusa.

Nadhani angekataa. Alikuwa amezoea kusema hapana kwa watu wenye sauti kubwa kuliko hao. Lakini Kioko, kutoka chini, baada ya kile kituo chake kirefu, alisema, "Shangazi, niruke. Nimechoka na sweta za huyu."

Ndinda alivua viatu. Alirudi nyuma hadi ukingo wa tuta, akasimama akiitazama kamba, midomo ikihesabu kitu. Akaja kwa ule mkunjo wake. Simu zote ziliinuliwa. Alipokanyaga kwa mguu wa kushoto kuna sauti iliyosikika, kavu na fupi, kama kamba mpya inapokatika mzigo ukiwa bado njiani. Na pamoja na sauti hiyo akapaa, akaupindisha mgongo, akaipita kamba bila kuitikisa, akaanguka mablanketini akipiga ukelele. Wanawake wakaudhani ukelele wa furaha, wakaupokea kwa vigelegele. Vigelegele vile vilikuwa virefu sana. Mama alikuwa tayari amemwinua Kioko, akimpangusa vumbi, akimnyoosha mikono kama mtu anyooshaye nguo kabla ya kuianika. Mimi nilikuwa naangalia wayo wa shangazi, ambao ulikuwa unaning'inia kama kandambili iliyokatika ukanda.

Alipasuliwa vibaya, akapasuliwa tena, na timu ikasafiri bila yeye. Video ya mruko ule ilienea kuliko ushindi wake wowote. Wengine waliitilia muziki. Aliyekuwa wetu sote redioni akawa wa boma letu tu, mgonjwa wa kulishwa, na mama alimlisha bila kukosa hata siku moja, akimwekea sahani mahali ambapo ni lazima ainuke kuifikia.

Nasi tukaanza kungoja Kioko akue. Uso wake ulipozidi kuvimba, mama alisema ananenepa kwanza, mti hujaza shina kabla ya kurefuka. Nami niliona kweli anarefuka: nilimpima kwa macho kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwongezea kidogo moyoni, kwa sababu nisingeweza kuvumilia kwamba mguu ule ulikuwa umekwenda bure. Kwa kuwa alikuwa amerudiwa, hospitali haikutajwa tena. Kutaja hospitali kungekuwa kusema mruko haukushika.

Miaka ikapita hivyo. Nilipokuwa shule ya bweni, Ndinda alichukua magongo, akamshika Kioko mkono, akashuka naye mlima bila kuaga mtu yeyote, akamfikisha Wote. Daktari alimpapasa shingo kwa vidole viwili. Damu ilipimwa. Tezi ilikuwa imelala, akaeleza, na dawa yake ni kidonge kidogo cheupe, kimoja kwa siku, ambacho hata zahanati huweza kuagiza. Ndinda aliuliza kama sasa atarefuka. Daktari akainua picha ya mifupa ya kiganja dirishani, akaitazama, akasema kwamba mifupa imekwisha kujifunga. Angeletwa mapema kidogo, angekuwa na urefu wa baba yake.

Kidonge kilifanya yaliyobaki. Uso ulishuka, majibu yakaja upesi, sauti ikawa nzito, na ubaridi ule ukamtoka. Leo Kioko anatengeneza simu Kwa Vonza, ameketi juu ya kiti kirefu alichokiunda mwenyewe, na wateja wageni humwuliza fundi yuko wapi. Ana ulimi mkali na hajaoa. Mama alipoletewa habari ya kidonge, aliisikiliza hadi mwisho kama alivyoisikiliza ile simu ya zamani, kisha akamwambia wifi yake jambo ambalo nimeishi nalo tangu hapo. "Nilikuona siku ile," alisema. "Uliangukia upande. Hukumrudia kama ulivyomchukua."

Sasa mama mwenyewe hawezi kusimama. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wote na nusu ya mdomo. Baba yuko kaburini karibu na Susu. Mimi naishi mbali. Mtu wa kumwosha, kumgeuza na kumlisha ni Ndinda peke yake. Asubuhi humburuta kwa mkeka hadi mlangoni pa jiko la Susu, kwa sababu hapo ndipo jua hufika kwanza. Siku ile niliyofika alikuwa amelala hapo, ameziba njia, macho yake yakinifuata kimya chini ya mti ule wa juu ambao zamani ulikuwa kipimo chetu cha muujiza.

Uji ulikuwa unachemka ndani. Ndinda aliuweka mkonge chini, akaegemea fimbo, akainuka kwa hatua zake zote za kuinuka. Nilitaka kumsogeza mama, lakini aliniashiria niache. Akaufikia mkeka. Akaunyanyua mguu wa kushoto kwa mkono, kama mtu anyanyuaye gogo, akaupitisha juu ya mama, kisha wa kulia ukafuata, akawa ndani.

Mama aligeuza kichwa kwa shida. Maneno yake siku hizi hutoka yamepondeka, lakini hayo yalitoka mazima.

"Ndinda. Nirudie."

Kutoka gizani mwa jiko nilisikia sufuria ikiepuliwa na mwiko ukigonga ukingo wake. Shangazi hakugeuka.

"Wewe, Mama Kioko," akasema, "ulishakua."